Grili ya gesi imegoma: kagua haya kabla hujanunua regyuleta nyingine

Nyama imeshakolea viungo, wageni wameshakaa, umezungusha swichi mpaka mwisho, na moto unaotoka hautoshi hata kuwashia sigara. Kwa aliyeko Mbeya, Iringa, Njombe au Makete mwezi wa Juni au Julai, hili si jambo geni. Wa kwanza atasema regyuleta imekufa. Wa pili ataigonga kwa mpini wa kisu. Wa tatu atatumwa sokoni Mwanjelwa kununua nyingine, na akirudi nayo moto uko vilevile.

Regyuleta inasingiziwa mengi. Ndiyo inayoonekana, ndiyo inayouzwa peke yake dukani, na kuibadilisha hakuchukui muda, kwa hiyo lawama zote zinaishia kwake. Kumbe mara nyingi ubovu uko jirani yake: mtungi umeisha, baridi imeushika, mpira umejikunja, au buibui amejenga kwenye mrija wa jiko. Njia ya kumaliza ubishi ni kukagua kwa mpangilio, kuanzia mtungini kuelekea kwenye moto, na regyuleta yenyewe kuihukumu mwishoni. Maelezo haya ni kwa ajili ya grili ya kubeba, ya bana (mrija unaotoa moto) moja au mbili, ile ya kupakia kwenye gari kwenda nayo shambani au kwenye shughuli kwa ajili ya mishkaki na kitimoto. Mwenye jiko la kawaida la mezani naye atakuta mengi yanamhusu.

Kabla ya kugusa chochote

Grili itoe nje, mtungi usimame wima, na moto wowote wa karibu uzimwe. Huo mkaa wa ndizi ulioko hatua tatu kutoka hapo nao uhesabu. Kazi nzima inahitaji vitu vichache: sabuni ya maji, mswaki wa zamani, spana, bisibisi ya klampu, kitambaa kikavu, na mizani kama utaipata.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini. Inatambaa chini, inatafuta mtaro, shimo, au sakafu ya banda lililozibwa kila upenyo kwa sababu ya baridi, na sisi wa nyanda za juu kwa kuziba upenyo hatujambo. Kwa asili haina harufu, ile harufu kali ni dawa iliyowekwa makusudi ili tushtuke. Kwa hiyo ukitaka kunusa, inama, unuse karibu na ardhi.

Ukikuta harufu imejaa, acha ufundi. Funga mtungi, usiwashe wala usizime taa, fungua milango na madirisha, toa watu. Kama mtungi unaendelea kutoa gesi hata baada ya kufungwa na unabebeka bila hatari, upeleke uwanjani mbali na moto, uusimamishe wima. Vinginevyo kaa mbali nao. Zimamoto wanapatikana kwa namba 114.

Jingine la kusema mapema: grili haiingizwi ndani kwa kisingizio cha baridi. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa inaua mtu akiwa usingizini, sawa na ya mkaa.

Regyuleta inafanya kazi gani hasa

Ndani ya mtungi, gesi nyingi ni kimiminika. Juu ya kimiminika hicho kuna mvuke, na huo mvuke ndio unaokwenda jikoni. Kwenye nyuzi joto 20, propani tupu husukuma kwa kiasi cha bari 7 hivi (bari ni kipimo cha nguvu ya msukumo) zaidi ya hewa ya nje. Butani tupu husukuma kwa bari 1 tu na kidogo. Gesi yetu ya kupikia ni mchanganyiko wa hizo mbili, kwa hiyo nguvu yake huangukia katikati. Grili nayo kwa kawaida inataka milibari 30 hivi, yaani sehemu 3 katika 100 za bari moja. Regyuleta ndiyo inayoshusha nguvu hiyo yote na kuishikilia pale pale, mtungi ukiwa umejaa au umekaribia kuisha.

Ukiikata katikati utakuta kiwambo cha mpira, springi juu yake, na kijiti kinachofungua na kufunga tundu ambalo gesi inaingilia. Moto ukila gesi, nguvu chini ya kiwambo inapungua, springi inakisukuma chini, tundu linafunguka. Gesi ikijaa, kiwambo kinapanda, tundu linajifunga. Mchezo huo unaendelea muda wote unapopika. Na kwa kuwa kiwambo lazima kipumue, kwenye mfuniko kuna kitundu kidogo cha hewa, mara nyingi upana wake hauzidi ncha ya kalamu. Kitundu hicho kikumbuke, ndicho shahidi wetu mkuu huko mbele. Wapo wanaokiziba kwa gundi wakidhani ni mahali panapovuja. Usikizibe.

Hatua ya 1: Mtungi una gesi kweli?

Kuutikisa na kusikiliza si kipimo. Tafuta mizani. Kwenye kola au ubavu wa mtungi kuna namba ya uzito wa mtungi mtupu, mara nyingi imeanzia na herufi TW. Tuseme wako wa kilo 6 umeandikwa 7.2. Ukijaa unapaswa kuwa na kilo 13.2. Ukiupima sasa ukakuta 7.8, gesi iliyobaki ni gramu 600. Kwenye grili ya bana mbili zenye nguvu ya kilowati 3 kila moja, zikiwa wazi kabisa, hiyo ni saa moja na dakika ishirini hivi. Haitoshi mguu wa mbuzi.

Na siku ya kununua usione aibu kuomba mtungi upimwe. EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, wanataka muuzaji wa gesi awe na mizani dukani, na kazi ya mizani hiyo ni kukuonyesha wewe.

Huna mizani? Mwagia maji ya vuguvugu ubavuni kutoka juu hadi chini, kisha pitisha kiganja. Palipo na kimiminika bati linabaki la baridi. Palipo na mvuke tu linabaki na uvuguvugu. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili unausikia mkononi waziwazi.

Hatua ya 2: Baridi

Hapa ndipo mtu wa Uyole na mtu wa Dar es Salaam wanapotengana, ingawa grili zao zimetoka duka moja. Mwongozo ulioandikwa kwa watu wa pwani unaliruka jambo hili. Kwetu ndilo la kuangalia kabla ya kushika spana.

Ili kimiminika kigeuke mvuke kinahitaji joto, na joto hilo kinalichota kwenye bati la mtungi na hewa inayouzunguka. Propani huchemka ikiwa kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi ya kwetu haiisumbui. Butani huchemka karibu kabisa na sifuri. Usiku wa Juni na Julai Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na ukipanda Kitulo au vijiji vya Makete unakuta sakitu imelala juu ya majani asubuhi. Katika hali hiyo butani inatoka kwa kusuasua.

Ongeza na hili: ndani ya mtungi wenye mchanganyiko, propani hukimbilia kutoka kwanza. Kadiri unavyotumia, kinachobaki chini kinazidi kuwa butani. Ndiyo sababu mtungi uliofanya kazi vizuri ukiwa mpya unaanza kugoma asubuhi ukiwa bado na uzito. Mchana jua likitoka unafufuka wenyewe, na aliyekuwa amebadilisha regyuleta saa mbili asubuhi anaamini kabisa kwamba ndiyo iliyomponya.

Mtungi mdogo unateseka zaidi. Ukiunganisha grili ya bana mbili kwenye mtungi wa kilo 3 na kufungulia zote, gesi inavutwa haraka kuliko bati dogo linavyoweza kuchota joto. Mtungi unatoa jasho, halafu ukungu mweupe wa barafu unapanda kutoka chini, moto unanywea. Ukipunguza bana moja, nyingine inanyanyuka kidogo. Ukiona hivyo, regyuleta haina kesi.

Dawa yake ni kutumia mtungi mkubwa zaidi, wa kilo 15 ukiweza, na kuulaza ndani ya stoo yenye hewa, si nje kwenye umande. Ninaposema kuulaza nina maana ya kuuhifadhi usiku. Mtungi wenyewe usimame. Asubuhi utoe juani. Ukiwa na haraka, usimamishe kwenye beseni la maji ya vuguvugu, yale unayoweza kumwogeshea mtoto, yafike robo ya kimo chake. Maji yanayochemka hapana. Kuusogeza karibu na mkaa hapana. Kuwasha karatasi chini yake, jambo ambalo wapo wanaolifanya huku wakicheka, hapana kabisa: joto linapandisha nguvu ya ndani haraka kuliko unavyoweza kukimbia.

Kama mtungi umetoka sokoni umelazwa kwenye bodaboda, usimamishe na uuache utulie kabla ya kuunganisha. Ukilala, kimiminika kinafika mdomoni, kinaingia kwenye regyuleta, na huko kinachemkia ghafla. Utaona regyuleta imeota barafu na moto unapaa na kushuka. Funga, ngoja iyeyuke yenyewe.

Hatua ya 3: Mdomo wa mtungi

Vua regyuleta. Ya kubonyeza ina kola ya kuinua au swichi ya kugeuza. Ya nati inafunguliwa kwa spana, na angalia, nyingi zimesokotwa kinyume, yaani zinafunguka kwa kuzungusha upande wa saa. Ukilazimisha upande usio wake utaharibu nyuzi za shaba, na shaba ikishakuliwa haikazi tena.

Chungulia ndani ya mdomo wa mtungi. Kunatakiwa kuwe na washa, yaani pete ya mpira, nyeusi, laini, imekaa sawa kwenye kitako chake. Ikiwa imepasuka, imekakamaa, imetoka nusu au haipo kabisa, gesi itavuja hata kwa regyuleta mpya kabisa. Kwenye mitungi ya kubonyeza washa hiyo ni mali ya mtungi. Mrudishie muuzaji akupe mtungi mwingine, usikubali akuchomekee kipande cha tyubu ya baiskeli. Kwenye zile za nati, washa mara nyingine huwa kwenye nati ya regyuleta yenyewe, na hiyo inauzwa kwa bei ndogo.

Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Usipake grisi wala mafuta ya kupikia ili "iingie vizuri".

Halafu saizi. Mitungi ya makampuni mbalimbali haina mdomo mmoja. Regyuleta za kubonyeza zipo za milimita 20, 22, 27 na nyingine, na tofauti ya milimita 2 huioni kwa macho. Inaingia, inacheza kidogo, inakaa upande, kile kijiti cha kati hakibonyezwi sawasawa. Matokeo yake ni moto hafifu au uvujaji mdogo unaotokea na kupotea kila ukiugusa mtungi. Kama ulibadilisha kampuni ya gesi hivi karibuni na tatizo lilianza siku hiyohiyo, umeshapata jibu.

Hatua ya 4: Povu

Unganisha tena. Swichi zote za grili zifungwe. Koroga sabuni ya maji na maji kidogo mpaka povu liwe zito, fungua mtungi, halafu paka kwa mswaki: mdomo wa mtungi, nati au kola ya regyuleta, mfuniko wake wote pamoja na kile kitundu, klampu mbili za mpira, mpira wenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mahali unapoingia kwenye grili. Usiende haraka. Uvujaji mkubwa unalipua povu mara moja, lakini mdogo unajitokeza kama viputo vidogo vilivyoshikana, vinaongezeka taratibu, na unatakiwa kukaa hapo ukiangalia kama dakika moja kila mahali.

Usitumie kiberiti. Najua fundi mmoja mmoja bado anapitisha njiti iliyowaka kwenye maungio na kusema ndiyo njia ya uhakika.

Viputo kwenye klampu: kaza, au kata ncha ya mpira iliyochoka uingize upya. Viputo katikati ya mpira: mpira umekwisha, usiufunge kwa selotepu wala kwa utepe wa umeme. Ukipinda mpira kwenye kidole na kuona nyufa ndogondogo, nao hesabu umekwisha hata kama hauvuji leo. Mipira mingi ina mwaka umechapwa ubavuni, na desturi ya watengenezaji ni kuibadilisha baada ya miaka 5 hivi. Panya wa stoo hawasubiri miaka 5, kwa hiyo angalia na alama za meno. Viputo kwenye kitundu cha hewa cha regyuleta: subiri, tunalifikia.

Hatua ya 5: Umefungua kwa pupa?

Hii inahusu zaidi grili zilizotoka nje, za kwenye kontena au zilizoletwa na ndugu, pamoja na baadhi ya regyuleta mpya zenye kizuizi cha usalama. Ndani yake kuna vali inayosoma mwendo wa gesi. Gesi ikipita kwa kasi isiyo ya kawaida, vali inadhani mpira umekatika, inajibana, inaachia kiasi kidogo tu. Ukiacha swichi ya grili wazi halafu ukafungua mtungi kwa mkupuo, unaidanganya. Moto unakuwa mdogo kwenye bana zote kwa usawa, na hata ukizungusha swichi haupandi.

Kuirudisha ni hivi:

1. Funga swichi zote za grili, kisha funga mtungi.
2. Vua regyuleta kwenye mtungi, uache hivyo kwa dakika chache ili gesi iliyobanwa itoke na vali irudi mahali pake.
3. Funga tena regyuleta, hakikisha imekaa.
4. Fungua mtungi polepole, robo mzunguko kwanza, utulie kidogo, ndipo umalizie.
5. Washa bana moja tu. Ikishika vizuri, washa ya pili.

Na wakati wa kuzima usianze na swichi ya grili peke yake na kuondoka. Funga mtungi, acha moto umalize gesi iliyomo kwenye mpira, ndipo ufunge swichi. Mpira ukilala mtupu hauna cha kuvujisha usiku.

Hatua ya 6: Upande wa moto

Funua wavu na bati la kuzuia mafuta. Bana ni mrija wenye matundu. Mwanzoni mwake kuna nozeli, kipande cha shaba chenye tundu dogo sana, na pembeni ya nozeli kuna dirisha la kuingizia hewa. Grili iliyokaa stoo tangu Krismasi hadi Pasaka imeshapata wapangaji. Buibui wanapenda sana mirija hii, na nyigu wa udongo hawako nyuma. Utando ambao huuoni bila tochi unatosha kuifanya gesi irudi nyuma na kuwakia kwenye dirisha la hewa badala ya kwenye matundu. Hapo ndipo unaposikia "puu!" na kuona moto chini ya swichi. Zima mara moja, funga mtungi.

Toa bana, ipitishie brashi ndefu ya kusafishia chupa au waya wenye kitambaa, gonga masizi yatoke, sugua matundu kwa mswaki. Nozeli ipulize kwa pampu ya baiskeli. Usiichokoe kwa sindano. Tundu lake limetobolewa kwa kipimo. Ukilipanua kidogo tu, gesi inazidi hewa, sufuria na nyama vinakuwa vyeusi kwa masizi, na hakuna regyuleta itakayorekebisha hilo. Fundi akikuambia "ngoja niipanue, moto utaongezeka", chukua grili yako.

Rangi ya moto isome hivi: wa bluu wenye ncha ya njano kidogo hauna neno. Wa njano mrefu unaopepea na kutoa masizi unakosa hewa. Unaoruka juu ya matundu na kunguruma una gesi au hewa iliyozidi.

Huku kwetu kuna jambo la ziada. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe juu zaidi. Hewa ni nyepesi. Maji yenyewe yanachemka kabla ya kufika nyuzi 95, na mpika maharage analijua hilo hata kama hajawahi kuona kipimajoto. Grili iliyopangwa kiwandani kwa watu wa kando ya bahari inaingiza hewa pungufu ikija huku, na moto wake unaelekea njano. Kama ina bati la kuzungusha kwenye dirisha la hewa, lifungue kidogo kidogo mpaka bluu irudi. Kama haina, ishi nao ilimradi hautoi masizi.

Hatua ya 7: Azima ya jirani

Umefika hapa na moto bado ni mbaya: mtungi una gesi, hauna barafu, washa ni nzima, hakuna viputo kwenye maungio, bana ni safi. Azima regyuleta inayofanya kazi, ya aina ileile na saizi ileile ya mdomo, funga kwenye mtungi wako na grili yako. Moto ukiwa mzuri, yako ni mbovu. Ukibaki vilevile, chukua yako ukaijaribu kwenye jiko la jirani. Majaribio haya mawili yanamaliza ubishi wote, na yanagharimu mishkaki michache ya shukrani.

Dalili za regyuleta iliyokufa kweli

Ya wazi kuliko zote ni viputo kwenye kitundu cha hewa. Maana yake kiwambo kimetoboka na gesi inapita juu yake kwenda nje. Viputo vichache wakati wa kuwasha, kiwambo kinaposogea na kusukuma hewa iliyokuwa juu yake, si kosa. Vinavyoendelea bila kukoma huku swichi za grili zimefungwa ni kosa, na hiyo regyuleta haipiki tena hata chai ya mwisho.

Ya pili ni moto mkubwa kupita kiasi, unaonguruma na kuruka, na kuzungusha swichi kunaupunguza kwa shida. Tundu la ndani halijifungi, labda kwa kutu au uchafu, na nguvu ya mtungi inavuka. Watu huifurahia hii kwa sababu nyama inaiva upesi. Ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa mpira na swichi za grili havikutengenezwa kubeba nguvu hiyo.

Halafu kuna ile ya moto kupumua, unapanda na kushuka kwa mdundo, mtungi ukiwa na joto la kawaida. Kuna mlio wa filimbi usiokoma. Na kuna ile ambayo ukiivua na kuitikisa sikioni unasikia maji au vipande vya kutu. Iliyolala nje mvua za masika nzima mara nyingi iko hivyo. Maji yaliingilia kwenye kitundu cha hewa, yakala springi, na usiku wa baridi kali yanaweza kuganda mumo humo. Ukiona mfuniko umebonyea, umepasuka au umeyeyuka kwa kuwekwa karibu na bati la grili, usijisumbue kuipima.

Haifunguliwi ikarekebishwa. Skrubu zake zimepigwa muhuri au kukunjwa kwa mashine, springi imepangwa kiwandani, na hakuna fundi wa mtaani mwenye kipimo cha milibari cha kuirudisha pale ilipokuwa. Hata isiyo na dalili yoyote, ikifika miaka 10 inastaafu. Watengenezaji wengi wanachapa tarehe mgongoni.

Kununua nyingine

Nenda na mtungi, au angalau na regyuleta ya zamani na picha ya mdomo wa mtungi. Kabla ya kutoka nyumbani soma kibati kilichobandikwa ubavuni au chini ya grili. Kimeandikwa nguvu ya gesi inayotakiwa. Milibari 28 hadi 30 ndiyo ya kawaida na regyuleta za madukani zinaifaa. Zile za Marekani hupimwa kwa inchi za maji, na inchi 11 ni kama milibari 27 na nusu, kwa hiyo nazo zinakubali ya 30. Nati yake kubwa ya plastiki haitaingia kwenye mtungi wetu, unabadilisha regyuleta na mpira pamoja. Za Ujerumani nyingi zinataka milibari 50. Ukiifungia ya 30 itawaka kinyonge siku zote, na hakuna kilichoharibika.

Grili ndogo kabisa za kubeba zina mtego wake. Nyingi zimetengenezwa kwa kopo dogo la gesi la kutupa, na regyuleta yake imo ndani ya swichi yenyewe, pale kopo linaposokotwa. Hiyo inategemea nguvu kamili ya mtungi. Ukiweka regyuleta ya milibari 30 kwenye mtungi halafu gesi ikapite tena kwenye ile ya kwenye swichi, unakuwa na regyuleta mbili mfululizo na moto usioweza kuivisha yai. Inataka mpira maalumu wa kuhimili nguvu ya mtungi pamoja na kiunganishi chake, si mpira wa kawaida wa jiko. Usipoupata, badilisha mtungi uwe wa kopo au uza grili.

Kwenye meza ya muuzaji utaona pia regyuleta yenye kitasa cha kuongeza na kupunguza, ya majiko makubwa ya mgahawa. Atakwambia ina moto zaidi, na ni kweli. Kwenye grili ya milibari 30 hiyo ni ajali inayosubiri siku. Chagua isiyo na kitasa, iliyoandikwa wazi milibari na kiasi cha gesi kwa saa. Kwa bana mbili za kilowati 3 unahitaji inayopitisha angalau nusu kilo kwa saa, na nyingi zinazouzwa zinapitisha zaidi. Tafuta alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Nunua na mpira mpya na klampu za kukaza kwa bisibisi siku hiyohiyo. Waya wa kufungia si klampu.

Ukifika nyumbani funga, paka povu upya kila mahali kabla ya kuwasha, na elekeza kitundu cha hewa chini ili mvua na mafuta yasiingie. Mpira usipite chini ya grili wala kuning'inia karibu na sinia la mafuta yanayodondoka. Ile ya zamani ipondeponde kwa nyundo kabla ya kuitupa, vinginevyo kuna mtu ataiokota jalalani na utaikuta juma lijalo kwenye meza ya vifaa vya mitumba, imefutwa vumbi na kupangiwa bei.